Kuchoma Bweni, Kuchoma Mtu

Kwa Sheng ya shule, neno kuchoma lina kazi mbili. Unaweza kuchoma bweni, na unaweza kuchoma mtu, yaani kumripoti kwa mwalimu. Ajabu ni kwamba mabwenini, dhambi ya pili ndiyo haisameheki. Ukijulikana umechoma wenzako, hata wa kukaa naye meza moja humpati.

Lakini tumezika watoto. Machi 2001, wanafunzi 67 walikufa Kyanguli, Machakos, baada ya bweni kumwagiwa petroli na kuwashwa usiku. Septemba 2017, moto uliua wasichana 10 Moi Girls, Nairobi. Petroli haiingii bwenini yenyewe. Kuna anayeinunua na anayeificha, na pengine kuna wa kitanda cha pili anayesikia harufu, akajifunika blanketi, akanyamaza.

Tunaambiwa dawa ni kuripoti bila kujitaja. Sawa. Kuna 116, laini ya watoto, kupiga ni bure. Lakini mwanafunzi wa bweni haruhusiwi simu. Basi kuna sanduku la maoni. Kwetu lilitundikwa nje ya ofisi ya naibu wa mwalimu mkuu, na ufunguo alikaa nao yeye. Mwandiko wako anaujua, anausahihisha kila wiki. Hiyo ni siri ya nani sasa?

Wapo wanaosema mwenye ukweli aandike jina lake. Hoja hiyo si ya kupuuzwa: mwenye chuki anaweza kuandika uongo, na mtoto asiye na kosa akafukuzwa. Ila kosa hapo ni la shule iliyogeuza kikaratasi kuwa hukumu. Kikaratasi kinatosha kukuamsha uende ukakague chini ya vitanda, uhakikishe milango inafunguka, uulize wanafunzi wana hasira ya nini. Hakitoshi kumfukuza mtu.

Mimi naona kuna kuripoti ili mtu aadhibiwe, na kuna kuripoti ili mtu asife. Ukimtaja aliyeruka ua kwenda kununua chapati, hapo kweli umemchoma. Ukisema kuna petroli chini ya kitanda, umeokoa bweni zima, pamoja na huyo aliyeificha, maana moto haumjui aliyeuwasha. Shida ni kwamba shule hujibu ripoti zote mbili kwa adhabu, halafu inashangaa kwa nini watoto hawaoni tofauti.

Kwa hivyo kabla ya kumdai mwanafunzi ujasiri, tumdai mwenye kusikia. Ufunguo wa sanduku akae nao mtu asiye na kazi ya kuadhibu, labda mzazi aliye kwenye bodi. Na kikaratasi kikisomwa jioni, kukaguliwe jioni hiyo hiyo.

Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Wahenga hawakuuliza ni nani amesema.