JE, YATOSHA KUIJUA ARDHI?



Jumapili moja baada ya ibada alinijia mzazi mmoja pamoja na binti yake aliyemaliza kidato cha sita. Binti huyu ataka kwenda chuo kikuu kusomea ikolojia, yaani elimu ya viumbe na makao yao: jinsi mimea, wanyama, udongo, maji na watu wanavyotegemeana. Baba yake hakupendezwa. Akaniambia, "Mwalimu, nimeuza ng'ombe ili mtoto huyu asome. Sasa ataka kwenda kuhesabu majani! Mwambie asomee uuguzi au uhasibu."

Nilitaka kumtetea binti mara moja, lakini dhamiri ikanizuia. Katika miaka yangu ya ualimu, mwanafunzi akichelewa au akifanya utundu, nilimpa jembe. Alilima huku wenzake wakisoma. Na darasani nilisema, kama walimu wengi tulivyosema, "Msiposoma mtarudi kushika jembe." Watoto wale walikuwa wana wa wakulima na wafugaji. Sikutambua kwamba nilikuwa nawafundisha kuwadharau baba na mama zao. Basi mzazi huyu alikuwa akinirudishia somo langu mwenyewe.

Hofu yake juu ya ajira si ya kupuuzwa. Wasomi wa fani hii hufanya kazi katika misitu, hifadhi za wanyama, mabonde ya maji, utafiti na halmashauri, lakini hakuna awezaye kumwahidi kijana kwamba kazi inamngoja. Hata hivyo lipo swali kubwa zaidi. Tuseme binti amefaulu, amepata shahada na kazi pia. Je, yatosha kuijua ardhi?

Kitabu cha Kwanza cha Wafalme chatueleza kwamba Sulemani alinena habari za miti, tangu mwerezi wa Lebanoni hata hisopo, na habari za wanyama, ndege na samaki. Lakini kitabu hichohicho chasema kwamba aliwatoza watu thelathini elfu kazi ya shokoa, akawapeleka Lebanoni kwa zamu ilipokatwa mierezi hiyo. Elimu aliipata, na watu wakachoka chini ya mzigo wake. Alipokuwa kijana alimwomba Mungu moyo wa kusikia. Nadhani ombi lile ndilo lililompasa kulirudia kila mwaka.

Hapa kwetu tunayo mifano. Baada ya Vita Kuu ya Pili, Serikali ya Uingereza ilitaka mafuta ya karanga. Wataalamu walipita wiki chache tu mwaka 1946, wakaandika mpango mkubwa, na mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa vichaka vya Kongwa. Udongo ule wakati wa kiangazi hukauka ukawa mgumu kama sakafu, na mvua ya Ugogo haina ahadi. Kufikia mwaka 1951 mpango ulikuwa umevunjika, baada ya kumeza zaidi ya pauni milioni 35. Matrekta yalikuwapo, na wasomi walikuwapo. Wazee wa Kigogo waliojua njaa na ukame wa nchi ile walikuwapo pia, lakini maarifa yao hayakuwa msingi wa mpango.

Mfano wa pili ni wa Kondoa. Vilima vya Irangi vilikuwa vimechimbwa na mvua hata vikawa makorongo mekundu. Mwaka 1973 Serikali ilianzisha mradi wa Hifadhi Ardhi Dodoma, tuliouita HADO, kwa msaada wa Uswidi. Matuta yalichimbwa, miti ikapandwa, na mwaka 1979 mifugo yote ikaamriwa kuondoka katika eneo lililoharibika, kama kilometa za mraba 1,256. Nyasi zilirudi na vichaka vikarudi. Safari hii wataalamu hawakukosea juu ya nyasi. Lakini mwenye ng'ombe alilazimika kuwapeleka mbali au kuwauza, na mtoto aliyezoea maziwa akayakosa.

Je, ilikuwa haki? Mimi naamini ardhi ile ilihitaji kupumzishwa. Lakini naamini pia kwamba mtu akilipa gharama kwa ajili ya wote, wote wana deni kwake. Vipimo vya nyasi pekee haviwezi kuonyesha deni hilo. Msomi anayehesabu nyasi tu amehesabu nusu.

Mfano wa tatu ni kisiki hai, unaoenea siku hizi katika vijiji vya Dodoma. Mkulima huchagua machipukizi machache katika kisiki cha mti uliokatwa, hupogoa mengine, huyawekea alama na kuyalinda. Hanunui miche wala hafukuzwi shambani. Mtaalamu aeleza, mkulima aamua ni mti upi ubaki. Elimu hapa imeketi pamoja na mwenye shamba.

Kwa hiyo nilimwambia binti hivi. Vyuo vipo: Dar es Salaam, Sokoine pale Morogoro, na Chuo Kikuu cha Dodoma kilichoanzishwa mwaka 2007. Popote aendapo, atazame kama wanafunzi hupelekwa porini na mashambani, ama hukaa darasani tu. Ashike sana baiolojia na kemia, wala asikimbie hisabati. Hakuna awezaye kuhesabu kila mti. Hupimwa vipande vichache, kisha hukadiriwa msitu mzima, na takwimu ndizo zimwambiazo kadiri ya kuamini hesabu yake. Mvua ya Dodoma ni kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu yote kati ya Desemba na Aprili, nayo hubadilika sana. Anayeihukumu nchi hii kwa mwaka mmoja mwema atarudia kosa la Kongwa.

Tena, kabla ya kuondoka, achukue daftari. Akae siku nzima na mjomba wake machungani, aulize kwa nini ng'ombe wanapelekwa huku wala si kule. Awafuate mama zetu wanaochuma mlenda, aandike ni wapi unaota na ni wapi umetoweka. Huo uwe mwaka wake wa kwanza wa chuo, na hauna ada.

Na kwa baba yake nilikiri kosa langu la jembe. Alinyamaza kidogo, kisha akamwuliza binti, "Huko chuoni watakufundisha kwa nini kisima chetu hukauka mwezi wa nane?" Binti akajibu, "Sijui, baba, lakini nitawauliza." Mzee hakusema kwamba amekubali. Alisema watazungumza nyumbani.

Wazazi wenzangu, Mungu alimweka mtu bustanini alime na atunze, kazi mbili kwa mkono mmoja. Tusimpe mtoto kazi hiyo kama adhabu. Naye aliyeisomea asirudi kutuamuru kabla hajaketi nasi.