Anayeokoa Anadai Nini?

Mbuzi akiugua, mwenyewe hahitaji falsafa. Mbuzi ni maziwa, ni kitoweo cha sikukuu, pengine ni ada ya shule ya mwakani. Anayemtafutia dawa anajua anachokitafuta. Mbwa analinda, paka anamaliza panya. Lakini mtu anapohangaika usiku na mchana kwa ajili ya kinyonga, swali linakuja lenyewe na haliondoki: huyu anatafuta nini? Kinyonga halindi nyumba, haliwi, haitikii akiitwa. Akipona ataondoka, na akifa hakuna jirani atakayekuja kutoa pole. Nadhani ndiyo maana anafaa kufikiriwa. Faida zote zikishaondolewa, kinachobaki mkononi mwa anayeuguza ndicho uuguzi wenyewe.

Mfano ninao wa nyumbani. Pale Newala, ambapo uwanda wa juu wa Makonde unakatika ghafla na kuteremka kuelekea bonde la Ruvuma, mwisho wa kiangazi ni wakati wa moto. Watu wanafyeka, wanakusanya, wanachoma, kisha wanasubiri mvua. Mpwa wangu aliokota kinyonga pembezoni mwa shamba lililochomwa: ubavu umeungua, macho yamedidimia, ngozi imekuwa nyeusi kama masizi. Akamleta nyumbani juu ya kijiti, maana hakuthubutu kumgusa. Mama yangu ndiye aliyemwona kwanza.

"Mjukuu wangu, huyo mrudishe ulikomtoa."

"Anaumwa, Bibi."

"Naona anaumwa. Huyo ndiye aliyetuchelewesha."

Hakuhitaji kueleza zaidi. Jamii nyingi za Kibantu, kuanzia kwetu huku hadi kwa Wazulu, zina hadithi ya namna moja: Mungu alimtuma kinyonga awapelekee watu habari kwamba hawatakufa. Akaenda mwendo wake, hatua moja, kuyumba, kusimama, hatua nyingine. Mjusi akampita njiani na habari ya kifo, na neno lililotangulia ndilo lililoshika. Alice Werner, aliyekusanya masimulizi ya Kibantu mwanzoni mwa karne ya 20, aliandika kwamba Wanyanja walimtia kinyonga tumbaku mdomoni kuwa adhabu ya kosa hilo la kale. Kwetu mara nyingi jiwe linatosha.

Hadithi hii inatuambia nini juu yetu sisi tunaoisimulia? Kwamba kifo kimetukera kiasi cha kutafuta wa kulaumiwa, na kwa kuwa aliyetuma habari hafikiki, tukamshika mjumbe. Kinyonga amebebeshwa hasira yetu juu ya wakati: tunaamini kwamba kama mtu fulani, mahali fulani, angefanya haraka, mambo yangekuwa mengine. Nani aliyewahi kufiwa asiyelijua wazo hilo? Gari lingewahi, daktari angekuwapo, tungeondoka jana yake. Ajabu ni kwamba kumuuguza kinyonga kunadai kitu kilekile tunachomlaumu nacho.

Hapa inafaa tutenganishe mambo mawili. Tiba ni kupambana na ugonjwa. Ina ujuzi wake na ina mwisho wake, na anayetibu anaweza kutoa dawa akaenda zake. Uuguzi, ninavyouelewa mimi, ni kukubali mwendo wa mwingine uwe ndio saa yako. Ingia wodi yoyote mkoani Mtwara utamkuta ndugu ameketi kando ya kitanda. Hana sindano wala cheti cha udaktari. Kazi yake ni kulisha mgonjwa anapoweza kula, kumgeuza anapochoka upande mmoja, na kuwapo wakati hakuna la kufanya. Hilo la mwisho ndilo gumu kuliko yote, na ndilo lisiloandikwa kwenye faili.

Kinyonga anaongeza ugumu. Kwa kawaida hanywi kwenye chombo. Maji anayoyatambua ni yale yaliyo matone juu ya jani, kama umande. Kwa hiyo mtoto alilazimika kudondosha tone na kungoja, kisha tone jingine na kungoja tena, huku jicho moja la mgonjwa likimtazama yeye na la pili likitazama kwingine. Mama alikaa kibarazani akiangalia. Uwanda wa Makonde una udongo unaonyonya mvua upesi, na kwa vizazi vingi wanawake walishuka mabondeni kuyafuata maji na kupanda nayo kichwani. Yeye ni mmoja wao. Sasa aliona maji yakitolewa tone kwa tone kwa mnyama asiye na kazi yoyote duniani, tena mnyama mwenye kesi.

Pingamizi la Mama ni zito na sitaki kulipita juu juu. Watu wana shida. Kuna wagonjwa wasio na nauli ya kufika hospitali ya Ndanda. Je, ni halali kumpa kinyonga uangalizi ambao binadamu ameukosa? Nikiambiwa nichague kati ya mtu na kinyonga, nachagua mtu, na sioni haja ya kujadili. Lakini ni mara ngapi uchaguzi huo uko mbele yetu kweli? Sijamwona mtu aliyempita kinyonga njiani bila kumjali kwa sababu alikuwa anawahi kumsaidia jirani. Mara nyingi anayesema "watu kwanza" anaishia hapohapo kwenye kusema. Moyo unaojizoeza kupita unajizoeza kupita, na siku aliyelala njiani akiwa ni mtu, mazoezi hayo hayasahauliki.

Kulikuwa na jambo jingine ambalo mtoto alilijua kabla yetu sisi wakubwa. Alikuwa anamsoma mgonjwa kwa rangi. Tumezoea kumfanya kinyonga kuwa mfano wa mnafiki, mtu anayejigeuza kufuata alipokaa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva walieleza mwaka 2015, baada ya kumchunguza kinyonga mmoja wa Madagascar, kwamba ndani ya ngozi yake mna fuwele ndogo mno: anapotulia zimekaribiana, anapochachamaa zinaachana, na mwanga unaoakisiwa unabadilika rangi. Kwa sehemu kubwa kinachomgeuza ni hali yake mwenyewe, yaani joto, hofu, ugomvi, ugonjwa. Jani alilokalia lina neno dogo sana katika hilo. Basi huyu tuliyemwita mnafiki ni kiumbe anayevaa undani wake nje. Wanasiasa tunaowaita vinyonga wangekuwa vinyonga kweli, tungejua mapema wanaumwa nini.

Lakini kwa nini mtoto alifanya yote haya? Jibu la karibu ni huruma. Huruma ni nini? Naielewa hivi: ni hali ya maumivu ya mwingine kukunyima utulivu wako. Kwa maana hiyo huruma ina ubinafsi kidogo ndani yake, kwa kuwa anayehurumia anatafuta pia kuurudisha utulivu wake mwenyewe, na silioni hilo kuwa aibu; bila mlango huo mateso ya wengine yangetufikia kwa njia gani? Mtihani unakuja baadaye. Mgonjwa akipona, huruma imemaliza kazi. Kinachoendelea kubaki baada ya hapo ni kitu kingine, na mara nyingi ni hamu ya kuhitajiwa.

Nililiona hilo wazi. Kinyonga aliporudi kuwa kijani na kuanza kudaka panzi mwenyewe, mtoto akampa jina. Kisha akaja kuniomba boksi lenye mfuniko.

"Mjomba, nimemwokoa mimi. Ni wangu."

Sentensi hiyo fupi ni ya zamani kuliko sisi. Katika mambo ya ardhi tunaikubali: aliyefyeka pori ana haki juu ya shamba, kwa kuwa jasho lake limo. Kwa nini basi jasho la kuuguza lisizae haki? Jibu langu ni kwamba shamba halikuwa na njia yake liliyokuwa likiifuata kabla ya jembe kufika. Kiumbe hai alikuwa nayo. Ugonjwa uliikatiza, na aliyeokoa ameiunga tu ilipokatika.

Dunia hata hivyo ina soko, na soko lina jibu lake. Januari 2021 ilitangazwa kwamba forodha ya uwanja wa ndege wa Vienna, Austria, imemkamata msafiri aliyekuwa na vinyonga 74 kutoka milima ya Usambara, wamefichwa ndani ya soksi na makopo ya aiskrimu. Watatu hawakupona. Waliobaki walipelekwa kutunzwa katika bustani ya wanyama ya Schönbrunn. Thamani yao ilikadiriwa kuwa karibu euro 37,000, yaani takriban euro 500 kwa kila mmoja. Huku kwetu anapigwa mawe bure. Kule anatiwa ndani ya soksi kwa bei. Mambo hayo mawili yanaonekana kupingana, lakini mimi nayaona ni ndugu. Anayechukia na anayenunua wote wawili wameshakata shauri juu ya maana ya kinyonga kwao, na hakuna kati yao aliyengoja kuona kinyonga ni nini kwa nafsi yake. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009 haimruhusu mtu kufuga mnyamapori bila kibali, na mwaka 2016 Tanzania ilisitisha usafirishaji wa wanyama hai kwenda nje. Sheria inaweza kuzuia boksi. Hamu ya boksi haina askari.

Masasi, chini ya milima yake ya mawe, inalijua swali hili la haki ya anayeokoa kwa uzito mkubwa zaidi. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa Misheni ya Vyuo Vikuu aliondoka Zanzibar na kundi la watu waliokombolewa kutoka utumwani, wakielekea upande wa Ziwa Nyasa, na wakaishia kuweka makazi Masasi. Mwaka 1882 Wangoni waliovamia wakayaharibu makazi hayo, baadhi ya watu waliokwisha kombolewa wakachukuliwa mateka upya, na kazi ya misheni ikahamia Newala. Simfananishi mtu na mnyama. Ninachokifananisha ni mkono unaookoa. Katika makazi yale padri alijikuta pia kuwa hakimu na mkuu wa kijiji. Alikuwa amewatoa watu katika milki ya wengine, na sasa kila siku ilimpa sababu njema ya kuwaamulia mambo yao. Hapo ndipo ugumu ulipo. Anayeokoa hageuki kuwa mmiliki kwa ubaya. Anageuka kwa wema wenyewe, kidogo kidogo, kila mara akiwa na sababu ambayo hakuna awezaye kuipinga.

Dhidi ya hili kuna hadithi nyingine ya kinyonga, ya Wayao, majirani zetu wa Masasi na Tunduru, iliyoandikwa tangu karne ya 19. Inasema kwamba mwanzoni watu hawakuwapo, alikuwapo Mulungu na wanyama tu. Kinyonga alisuka mtego wa samaki, akautega mtoni, na asubuhi moja akakuta ndani yake mwanamume na mwanamke. Hakujua ni viumbe gani. Akawapeleka kwa Mulungu, akaambiwa awaweke chini watakua, naye akawaweka chini. Watu wakakua, wakapekecha moto, wakachoma nyika, wakaua wanyama na kuwala. Mulungu akapanda juu kwa uzi wa buibui, na kinyonga akakimbilia mitini. Nilimsimulia mpwa wangu hadithi hiyo nikiwa na Mama kando. Kwa masimulizi haya, mtu wa kwanza aliokotwa na kinyonga, na kinyonga hakusema ni wangu. Mama, ambaye ameishi maisha yake yote na ile hadithi nyingine, alisema tu kwamba Wayao wana maneno mengi.

Linabaki swali la wakati. Kinyonga haishi miaka mingi hata akiwa mzima. Yupo wa Madagascar, Furcifer labordi, anayeishi miezi minne au mitano tu tangu kuanguliwa. Sehemu kubwa ya mwaka wake huipitisha ndani ya yai. Je, kuna maana gani kurefusha uhai mfupi hivyo? Nimeligeuza swali hili mara nyingi, na kila mara naona lina kosa ndani yake. Linachukulia kwamba uhai unapimwa kwa urefu, ilhali kwa urefu hata wa binadamu ni mfupi mbele ya mwamba wowote wa Masasi. Anayeuguza hana uwezo wa kuongeza wakati. Anachofanya ni kukataa sehemu iliyobaki ipotee kwa sababu ya uzembe wa mwingine, na katika kisa hiki uzembe ulikuwa wetu, kwa kuwa moto uliwashwa na watu.

Mtoto alimwachia kwenye mkorosho nyuma ya nyumba, kwa shingo upande, na boksi likarudi kuwekewa daftari. Kwa mtazamo wangu huo ndio uponyaji uliokamilika: aliyeuguzwa hahitaji tena, na aliyeuguza ameliridhia hilo. Basi wewe mwenye shamba huko Newala, Masasi au popote panapochomwa kabla ya mvua, usitie kiberiti kabla ya kuuzunguka mpaka wa shamba lako na kutazama vichakani. Kinyonga hawezi kuukimbia moto. Ukimkuta, mpe kijiti apande, msogeze upande usiochomwa, na umwache aende zake.