Uso wa Eimu

Hapa Tulia sijakutana na watu wawili wanaokubaliana eimu anafanana vipi. Katika ngano za Wakamba, zimwi huyu anaweza kuwa mdogo kuliko mtoto, kisha akawa mrefu kuliko mti. Anaweza hata kuja kama kijana mtanashati anayeposa. Susu, yaani nyanya yangu, hakuwahi kutueleza uso wake. Alisema tu, "Akaja," akanyamaza, na kila mjukuu akajijazia mwenyewe.

Mimi nikampa uso. Nilimchora kwa Inkscape, programu ya bure, kwa ajili ya hadithi za watoto za kusomwa kwenye simu. Mchoro wa vekta hauhifadhi vitone vya rangi. Unahifadhi hesabu: nukta hapa, nukta pale, na mkunjo wa kuziunganisha. Ndiyo maana unaweza kuukuza kutoka ukubwa wa ukucha hadi ukuta mzima na usififie. Mteja alitaka eimu asiyetisha, basi nikavuta nukta za mdomo juu, akatabasamu. Rangi ya kijani, jino moja. Kazi ikaisha, nikalipwa.

Baadaye nikamsikia mtoto wa jirani akiwasimulia wenzake. "Eimu ni wa kijani," akasema, "ana jino moja." Hakuna aliyebisha. Ningefurahi, si ndiyo? Nilijihisi mwizi.

Lakini nimeiba nini hasa? Kenya ina sheria ya 2016 inayolinda maarifa ya jadi na sanaa za kitamaduni, na inataka jamii yenyewe itoe idhini kabla ya mali yake kutumiwa. Sawa. Ila Profesa John Mbiti, mzaliwa wa Kitui, alichapisha Akamba Stories mwaka 1966, na mimi siwezi kumwita mwizi. Aliziweka hadithi mahali ambapo hata sisi wa leo tunazipata. Tena maandishi humwachia msomaji kazi ya kuona. Mchoro wangu uliifanya kazi hiyo kwa niaba ya mtoto, bila kumuuliza.

Na kuna aibu kubwa zaidi. Kile kijani nilikitoa wapi? Si kwa Susu. Nilikitoa kwa Shrek, filamu ya Marekani ya 2001. Nilimpa mtoto zimwi la kuazima, nikamwambia ni la kwao.

Sisemi tusichore. Tukiacha, wengine watatuchorea. Nasema anayechora kitu cha wote anadaiwa: atafute kwanza, asikilize, halafu aache mlango wazi. Nukta nilizozifunga bado zinavutika. Sasa nina eimu wanne, hakuna anayefanana na mwenzake, na mmoja ni kivuli tu.

Juzi nilimpa yule mtoto karatasi na penseli, nikamwambia anichoree eimu wake. Akawaza kidogo, kisha akauliza kama nina rangi ya kijani.