Kinyama Ndani ya Nta

Mgonjwa aliyeambiwa na tabibu mmoja kwamba uvimbe wake ni saratani, na tabibu wa pili akalitilia shaka neno hilo, aghalabu huona haya kumwendea wa tatu, akidhani atawavunjia mabingwa hishima yao; ilhali kile kinyama alichokatwa, kidogo mithili ya uzi, kimehifadhiwa maabara ndani ya kipande cha nta, nacho chaweza kukatwa upya vipande vyembamba kuliko unywele, vikawekwa juu ya vioo, vikapakwa rangi na kusomwa kwa hadubini na jicho jingine, mara nyingi pasipo yeye kuguswa tena kwa kisu. Mama yangu mdogo alikwenda kuviomba vioo vyake, leso mkononi ya kuvifungia; karani akamtazama kana kwamba ameomba funguo za hazina. Alipewa, baada ya adhuhuri.