Wajibu wa Mpiga Mshale Baada ya Kuachia Ugwe

Noki ni kipande kidogo cha plastiki kilicho mkiani mwa mshale, chenye mfuo unaokaa juu ya ugwe wa upinde. Noki ya taa ni kipande hichohicho kilichotiwa taa ndogo ya LED na betri ya lithiamu. Ugwe unapousukuma mshale, taa inawaka, na mwindaji anaona mshale umempata mnyama mahali gani na umeangukia wapi. Lakini chombo kinachoanza kazi mshale ukishatoka mkononi kinafufua swali la zamani: wajibu wa mpiga mshale unakomea wapi?

Wanafalsafa Wastoiko walikuwa na jibu lao. Hoja inayohusishwa na Antipater wa Tarso, wa karne ya 2 KK, na ambayo mwanafalsafa Mrumi Cicero aliieleza katika kitabu alichokiandika mwaka 45 KK, inasema kazi ya mpiga mshale ni kufanya kila lililo katika uwezo wake ili apige sawasawa. Kupata shabaha ni jambo la kupendelewa, ila utu wake haupimwi kwa hilo, kwa kuwa upepo huweza kuvuma na windo likaruka. Mwandishi Mgiriki Plutarch aliipinga hoja hiyo: itakuwaje mtu afanye yote kwa ajili ya shabaha, kisha aseme lengo lake si shabaha? Pingamizi hilo lina uzito zaidi pale shabaha inapokuwa na uhai. Duara la karatasi likikoswa haliumii. Swala aliyechomwa tumboni huweza kuteseka kwa saa nyingi.

Hata hivyo, maneno “kila lililo katika uwezo wake” yana uzito zaidi kuliko yanavyosikika, maana sehemu kubwa ya uwezo huo hutumika kabla upinde haujavutwa. Uti wa mshale wa kaboni hukunjwa taratibu karibu na sikio. Ukisikika mlio wa kukatikakatika, nyuzi zake zimeanza kuachana, na mshale huo hautumiki tena, kwani unaweza kupasuka ugwe unapoachiwa na vipande vikaingia mkononi. Mshale huzungushwa ili ncha inayoyumba ionekane. Unyoya uliobanduka hugundishwa upya na makali ya kigumba hunolewa. Noki yenye ufa hutupwa, kwa sababu ikivunjika ugwe hurudi bila mzigo na upinde wenyewe unaweza kuvunjika. Anayetia noki ya taa ana kazi ya ziada: ina uzito zaidi kuliko ya kawaida, mizani ya mshale inasogea nyuma, basi ni lazima afanye mazoezi na mishale ya uzito uleule atakaowindia. Wahadza wa pembezoni mwa Ziwa Eyasi, Tanzania, hupasha uti motoni na kuunyoosha kwa meno. Vifaa ni tofauti, ila kazi ni ileile.

Mafundisho ya Kiislamu yanaupa utunzaji huu hadhi ya ibada. Hadithi iliyopokewa na sahaba Uqba bin Amir inawataja watu watatu wanaoingia Peponi kwa mshale mmoja: aliyeutengeneza akitarajia kheri, aliyeurusha, na aliyemkabidhi mrushaji. Sheria ya uwindaji nayo inaangalia namna chombo kilivyopiga. Mnyama aliyetobolewa kwa ncha huliwa. Aliyeuawa kwa pigo la ubavu wa uti huhesabiwa kuwa amekufa kwa kupigwa, na nyama yake haifai. Kwa hiyo uti uliopinda si aibu ya ufundi peke yake. Unaweza kuharibu uhalali wa kitoweo.

Hapa mafakihi, yaani wanazuoni wa sheria ya Kiislamu, wanakwenda mbali zaidi kuliko Wastoiko. Sahaba Adi bin Hatim alimuuliza Mtume kuhusu windo linalopigwa kisha likapotea. Jibu lilikuwa kwamba likipatikana hata baada ya siku moja au mbili, na halina alama nyingine ila ya mshale wake, anaweza kula. Likikutwa limezama majini asile, kwa kuwa hajui kama limeuawa na maji au na mshale. Wajibu, basi, haukomi ugwe unapoachiwa. Mrushaji anatakiwa kufuata, kutafuta, na kujua kwa yakini alichokifanya.

Katika kazi hiyo noki ya taa inasaidia kwa hakika. Mshale uliopita na kutoka upande wa pili ukionekana nyasini, damu iliyo juu yake humweleza mwindaji aanze kufuatilia mara moja au asubiri: nyekundu yenye povu ni ya mapafu, iliyochanganyika na uchafu wa matumbo ni ya jeraha baya. Klabu ya Pope and Young ya Marekani, iliyoanzishwa mwaka 1961 kutunza kumbukumbu za uwindaji wa upinde, kwa muda mrefu ilikataa vifaa vya umeme kwenye mshale, kisha ikaikubali noki ya taa, kwa kuwa haimsaidii mtu kulenga.

Wanaoipinga wanahofu kwamba itamshawishi mwindaji kurusha giza likishaingia. Hofu hiyo ni ya kweli, na jibu lake ni moja: asiyeliona windo vizuri asirushe, hata kama ana noki ya taa.