Mkono wa Kikombe

Mweke mtoto wa chekechea mbele ya kikombe ambacho mkono wake umegeuziwa upande wa pili, kisha mwambie achore anachokiona. Atachora kikombe chenye mkono. Mwaka 1972 watafiti wawili, Freeman na Janikoun, walifanya jaribio la namna hiyo, na kikombe chao kilikuwa na ua lililoonekana waziwazi. Watoto wadogo waliuchora mkono uliojificha, ua wakaliacha. Kwenye miaka saba au minane hivi mambo yaligeuka.

Akiuona mkono huo uliojificha umechorwa, mwalimu wa kuchora hukimbilia ufutio, na naona anaharakisha. Mtoto amejibu swali jingine, tena gumu zaidi: kikombe ni nini? Kikiondolewa mkono kinakuwa bilauri au bakuli. Ua hata likichujuka, chai itanyweka vilevile. Wanafalsafa wamejaza vitabu wakitenganisha kiini cha kitu na sifa zake za kupita. Huyu ametenganisha kwa krayoni.

Mfaransa Georges-Henri Luquet, katika kitabu chake cha mwaka 1927, aliuita uchoraji wa namna hii uhalisia wa akili: katika mchoro, viazi vinaonekana vikiwa ardhini, kichanga kinaonekana kikiwa tumboni. Nilimwuliza binti mmoja aliyechora nyumba, "Mbona mama anaonekana, na ukuta upo?" Akajibu, "Si yumo, mwalimu," akaendelea kuipaka kanga ya mama rangi ya chungwa mpaka ikavuka ukuta.

Yumo kweli. Jicho lina ukweli wake pia, ila ni ukweli wa mahali pamoja na wakati mmoja. Kuuchora huo kulihitaji kanuni, na Leon Battista Alberti aliziandika huko Italia mwaka 1435. Watoto wana haki ya kuzijua zamu yake ikifika, kwa kuwa zinamfundisha mtu kukiri kwamba amesimama mahali fulani, na aliye ng'ambo ya meza anaona kingine. Wakizunguke kikombe, wachore, wabishane nani kapatia, kisha wabadilishane viti. Somo hilo la unyenyekevu sijui lingefundishwa wapi vizuri zaidi.

Lakini linaongezwa juu ya lile la kwanza, la kujua kitu ni nini; halilifuti. Ndiyo maana sioni sababu ya kuweka vema na kosa kwenye daftari la kuchora la mtoto wa miaka mitano. Mwalimu na aulize kwanza mama anafanya nini humo ndani, asikilize jibu lote, ndipo amwonyeshe mtoto pa kusimama.