Kumtungia Marehemu Maneno

Tujiulize: mwandishi wa historia akimtungia marehemu hotuba ambayo hakuitoa, je, amesema uongo?

Warumi wa kale walifanya hivyo bila ya kuona haya. Kwao historia ilikuwa fani ya ufasaha. Livius aliandika vitabu 142 vya historia ya Roma, ambavyo 35 ndivyo vilivyobaki, na humo majemadari waliokufa karne kadhaa kabla yake wanahutubia kwa lugha iliyonyooka. Cicero alifundisha kuwa sheria ya kwanza ya historia ni kutothubutu kusema uongo. Hata hivyo alimwandikia rafiki yake Lucceius akimwomba aupambe uongozi wake kupita kiasi inachoruhusu sheria hiyo!

Bahati njema, pako mahali tunapoweza kupima. Mwaka 48 baada ya Kristo, Kaisari Claudius aliwahutubia maseneta akitaka wakuu wa Gallia, yaani Ufaransa ya leo, waingizwe katika baraza lao. Mwaka 1528 bamba la shaba lenye sehemu ya hotuba hiyo lilipatikana Lyon. Katika bamba, Claudius anazungukazunguka na kujikatiza mwenyewe. Tacitus, aliyeandika zaidi ya nusu karne baadaye, ameifupisha na kuipanga upya. Lakini hoja ni ile ile, nasi tunaoishi ugenini tunaielewa vyema: Roma ilikua kwa kuwapokea wageni. Hapo hatuwezi kumwita Tacitus mwongo.

Mfano wa pili ni mgumu zaidi. Katika kitabu cha maisha ya mkwewe Agricola, Tacitus anampa Calgacus, kiongozi wa Wakaledonia wa Uskoti ya leo, hotuba kali kabla ya vita. Adui huyu anawashutumu Warumi kwa uporaji, na kwa kuupa uharibifu wao majina mazuri. Ni Kilatini safi, na hapakuwa na Mrumi wa kuyanakili maneno yake. Wapo wanaosema hiyo ni haki: mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Ni kweli, lakini nusu tu. Tunayemsikia pale ni Mrumi akiisuta Roma. Calgacus mwenyewe, kwa lugha yake, hatumsikii kamwe. Wema ule ule uliompa sauti ndio uliokalia nafasi ya sauti yake.

Sisi wahandisi tuna mchoro wa jengo lilivyokusudiwa na mchoro wa jengo lilivyojengwa. Yote miwili ina kazi yake. Hatari ni kuichanganya. Kadhalika, kosa halimo katika kupamba. Kosa ni kupamba kisha kulitupa bamba.

Basi tunapowasimulia watoto wetu waliozaliwa huku maneno ya babu na bibi zao, tuwapambie, maana hadithi kavu haikai moyoni. Lakini tuwatenganishie: hili alilisema, na hili ndilo tunaloamini alilikusudia. Marehemu hawezi kutusahihisha.